Kiti cha Rangi Aitakayo Wanu

Mgongo ulimkamata Wanu asubuhi ya Jumatatu, katikati ya barua, akabaki ameinama juu ya mashine ya taipu kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Alijaribu kuinuka mara mbili, akashindwa. Mara ya tatu akaacha kujaribu, akaanza kupiga herufi zilizobaki hivyo hivyo, kwa sababu barua ilikuwa inasubiriwa.

Bwana Ratansi, wakili mwenye ofisi ile ya ghorofani pale Shangani, alitoka chumbani mwake na miwani mkononi.

"Bibi Wanu, una nini?"

"Sina kitu, Bwana. Nnainuka sasa hivi."

"Nimesimama hapa kitambo. Huinuki."

Wanu akacheka kidogo, kicheko cha kuficha maumivu. Wakili akakitazama kiti alichokalia. Kilikuwa kiti cha mbao kavu, mguu mmoja umefungwa kwa kamba, egemeo lake limepinda kama limechoka kusikiliza kesi za watu. Wanu alikirithi miaka minne nyuma kutoka kwa karani mzee aliyestaafu, na hakuwahi kukilalamikia. Mwanamke kupata kazi ya kupiga taipu, mwaka ule wa hamsini na sita, ilikuwa bahati ambayo watu hawakuchoka kumkumbusha. Angekilalamikiaje kiti?

"Yule karani mzee kaondoka hapa kanyong'onyea, sasa kiti kinataka na wewe," alisema Bwana Ratansi. "Nenda Mkunazini ukatengenezewe kingine. Kiwe cha kuzunguka, chenye godoro, cha kipimo chako. Na nakuomba, kisiwe cheusi wala kahawia. Humu ndani mna majalada na mashtaka tu, watu wanapanda ngazi wakilia. Tafuta rangi ya kuchangamsha macho."

"Rangi gani, Bwana?"

"Atakayekikalia nani? Chagua mwenyewe. Kuna fundi mmoja hodari, anaitwa Jaku. Kila mtu pale anamjua."

Wanu akainamisha macho. Hata yeye alikuwa anamjua.

Alivaa buibui lake akateremka ngazi, hatua moja, pumzi moja. Ilikuwa saa nne tu na mwili wake ulikuwa umeshamaliza siku nzima. Tangu kabla ya alfajiri alikuwa macho, akimwosha mama yake, Bi Mwanakheir, ambaye kiharusi kilimlaza upande mmoja miaka sita iliyopita. Akambadilisha shuka, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, akafua, akatoka Kikwajuni kwa miguu mpaka kazini. Akirudi alasiri yanaanza ya kupika. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na majirani walikuwa wameshaacha kumuuliza ataolewa lini.

Ila kaka yake hakuacha. Kaka yake mkubwa, ambaye hata jina aliitwa Mkubwa, alikuwa karani bandarini, na ndiye aliyekuwa badala ya baba tangu baba yao afariki. Wiki iliyopita alimletea posa. Mposaji ni Bwana Shamsi wa Wete, kisiwani Pemba, mjane mwenye shamba la karafuu na nyumba kubwa, mtu mpole, asiye na sifa mbaya. Na kubwa kuliko yote, Bwana Shamsi alikubali mama naye ahamie huko.

"Leo jioni nataka jibu," Mkubwa alikuwa amesema asubuhi ile, amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. "Mtu wa watu asubiri mpaka lini?"

Wanu hakuwa amemwona Bwana Shamsi hata siku moja. Lakini moyoni alikuwa ameshakubali. Hakukubali kwa mapenzi wala kwa tamaa. Alikubali kama mtu anavyokubali kulala.

Na sasa, siku hiyo hiyo, miguu yake ilikuwa inampeleka kwa Jaku.

*

Jaku wa Matemwe alikuja Kikwajuni miaka sita nyuma kutengeneza mlango na madirisha ya nyumba yao. Kazi ya siku tatu ilimchukua siku kumi na moja. Kila alasiri Wanu alikuwa akimpelekea chai, na kila siku ile chai ilikuwa ikichukua muda mrefu zaidi kunyweka. Siku ya kumi na moja Jaku alimwuliza, akiwa anatazama patasi yake, kama akimtuma ami yake kuja kuposa atakuwa amekosa adabu. Wanu alisema hapana, hatakuwa amekosea. Ami akaja. Posa ikakataliwa. Jaku hakuonekana tena Kikwajuni.

"Hodi," Wanu alisema mlangoni pa karakana.

"Karibu, pita nd—"

Randa ikasimama katikati ya ubao. Jaku aliinua uso, vumbi la mbao likiwa limemtapakaa nyusini. Mvi mbili tatu zilikuwa zimemwota juu ya sikio. Macho ni yale yale. Wanu aliyatazama mara moja tu akahamishia yake kwenye mlundo wa mbao.

"Bi Wanu."

"Fundi Jaku. Habari za masiku?"

"Miaka sita unaiita masiku?"

Jaku akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja, kama aliyekuwa anatafuta muda.

"Mama hajambo?"

"Yupo vile vile. Alhamdulillahi."

"Na kaka?"

"Hajambo. Nimetumwa na Bwana Ratansi, wakili. Anataka kiti cha ofisi."

"Cha kukalia yeye?"

"Cha kukalia mimi."

Jaku akamtazama vile alivyosimama, mkono mmoja kiunoni. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa kazi. Akaufungua mlango wa barabarani mpaka mwisho ili wapita njia waone hakuna cha kufichwa, akamsogezea kiti cha kujaribia, akachukua futi yake ya kitambaa.

"Kaa kama unavyokaa ukipiga taipu."

Wanu akakaa, mgongo wima, mikono mbele.

"Hivyo unakaa mbele ya wageni," Jaku alisema. "Kaa kama ulivyochoka."

Neno lile lilimwingia pabaya. Miaka yote ile watu walikuwa wakimwambia hongera, wakimwambia jikaze, wakimwambia Mungu atakulipa. Hakuna aliyemwambia akae kama alivyochoka. Aliteremsha mabega, shingo ikafuata, kiuno kikalegea, na machozi yakamjia karibu sana hata akalazimika kuikodolea macho misumari iliyokuwa mezani. Jaku aliona. Akageuka ukutani, akaandika namba kwa kalamu ya risasi mahali ambapo hapakuhitaji namba yoyote.

"Shika ncha hii," alisema baadaye, akimpa mwisho wa futi. "Iweke gotini. Mimi n'naishusha mpaka chini."

Futi ilinyooka baina yao. Hakumgusa. Lakini kila alipoivuta kidogo, Wanu aliuhisi mvuto ule vidoleni.

"Godoro nitaweka usumba wa makumbi ya nazi chini, sufi juu. Egemeo nitalijaza hapa chini kiunoni, ndipo panapokuuma. Chuma cha kuzungukia ninacho. Sasa rangi."

Akaweka mezani vipande vya kitambaa, kimoja juu ya chengine: buluu, kijani cha jani la mgomba, damu ya mzee, zambarau, manjano, rangi ya chungwa bivu.

"Yoyote," alisema Wanu.

"Yoyote sina."

"Basi weka hiyo ya juu."

"Ya juu imekaa juu kwa sababu nimeiweka mimi. Wewe unaitaka?"

"Chagua wewe, Fundi. Wewe ndiye mjuzi."

"Mimi sitakikalia."

"Mbona unanifanyia ugumu, Jaku?"

Jina lilimtoka peke yake, bila ya ufundi mbele yake. Wote wawili walilisikia. Jaku akakiweka chini kipande alichoshika.

"Kwa sababu niliwahi kukuuliza jambo kubwa kuliko kiti," alisema polepole, "na jibu nikaletewa na mtu mwengine. Ami yangu alirudi akaniambia, kaka yake kasema mwenyewe hataki. Maneno hayo hayo, mwenyewe hataki. Tangu siku ile, jibu lako nnataka litoke kwako."

Barabarani alipita mwuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Wanu alingoja sauti ile imalizike.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," alisema.

"Wapi?"

"Siku ile. Nyuma ya pazia la ukumbini. Nilimsikia kaka. Sikuwa nimeulizwa kitu. Nilimsikia akisema mwenyewe hataki."

"Ulisikia?"

"Neno kwa neno."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Jaku alikaa juu ya boriti. Alipoinua uso, palikuwa na hasira ndani yake, hasira ya zamani iliyokuwa ikimtafuta mwenyewe miaka mingi.

"Kwa nini, Wanu?"

"Niliogopa. Baba alikuwa hata arubaini yake haijatimia. Mama ndiyo kwanza kaanguka. Kaka alikuwa hapati usingizi, hali chakula. Nilisema nitazungumza naye kesho. Kesho yake nikasema kesho. Halafu nikasikia umeoa kwenu Matemwe." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Sikukudanganya, Jaku, lakini sikukutetea. Nimekuwa nikilijua hilo kila siku."

"Mimi nilikuchukia," Jaku alisema. "Nilioa kwa hasira. Mtoto wa watu hakuwa na kosa lolote, na tuliachana kwa wema, sasa ana mume wake na watoto. Lakini nilikuchukia kwa jambo ambalo hukulisema."

"Basi endelea kunichukia kwa lile nililolinyamazia."

Jaku hakucheka, ingawa midomo yake ilitaka.

"Leo jioni kaka anataka jibu," Wanu alisema mwishowe. "Nimeposwa. Mtu wa Wete."

"Mtu mwema?"

"Wanasema."

"Utajibu nini?"

"Nshachoka, Jaku. Wanasema kule sitanyanyua hata ndoo. Na mama atakuwa na watu wa kumtazama. Mimi nnataka kukaa tu."

"Kukaa na nani?"

Wanu akaizungusha ncha ya buibui lake kidoleni.

"Ukitaka Pemba, nenda," Jaku alisema, na ilionekana wazi kila neno linamgharimu. "Nitakuombea heri, na kiti nitakitengeneza vizuri vile vile. Sitakulaumu. Lakini nikwambie mapema. Kwa kaka yako simtumi mtu tena mpaka wewe mwenyewe uwe umesema kwanza, kwa mdomo wako, mbele yake. Ami yangu ni mtu mzima. Alitoka kwenu hata maji hakunywa."

"Haki yako."

"Si haki nnayoitaka." Akavisukuma vitambaa mbele ya Wanu. "Rangi."

Wanu aliviangalia vyote. Safari hii aliviangalia kweli, kama mtu aliyeingizwa dukani. Akatia mkono akaitoa ile ya chungwa, akaiweka kifuani juu ya buibui jeusi.

"Hii."

"Itachafuka upesi."

"Nitaisafisha."

"Mawakili watacheka."

"Wacheke."

"Hakika?"

"Jaku, nimesema hii."

Jaku akaandika. Neno lile fupi, chungwa, lilimchukua muda mrefu kuliko namba zote.

*

Mkubwa alifika baada ya sala ya alasiri, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka kando ya kitanda cha mama yao bila ya kuvua koti. Alikuwa na uso wa mtu aliyebishana na makuli tangu asubuhi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Enhe? Niende kwa mtu wa watu nikamwambie nini?"

Wanu alikuwa anamfuta mama yake mdomo. Aliikunja leso mara mbili, akaiweka kando.

"Mwambie namshukuru, kaniheshimu. Lakini sitaki."

Mkubwa alimtazama kama hakumsikia. "Hutaki nini?"

"Sitaki kuolewa na Bwana Shamsi."

"Una kichaa? Mtu amekubali mpaka mama! Nani mwengine atakubali mama?"

"Jaku alikuja kuniposa miaka sita iliyopita. Wewe ulisema mwenyewe hataki. Mimi nilikuwa nataka, kaka. Na mpaka leo nnataka."

"Yule seremala wa shamba?"

"Ndiye huyo."

Mkubwa akasimama. "Umeonana naye? Ndiyo kazi unayokwenda kufanya huko ofisini?"

"Nimeonana naye leo, mlango wazi, kwa shughuli ya ofisi. Uliza mtaa mzima."

"Mimi ndiye walii wako, Wanu. Bila ya mimi huolewi. Na mimi sikuozeshi kwa mtu anayenuka gundi!"

Hapo zamani maneno hayo yangetosha. Wanu alihisi miguu inataka kumrudisha jikoni, kwenye sufuria zake, kwenye kimya chake. Lakini alikuwa amechoka mno hata kuogopa.

"Nimepiga taipu barua za wanawake wangapi kwenda kwa kadhi," alisema kwa upole. "Waliozuiwa na kaka zao, na baba zao, bila ya sababu ya sheria. Kadhi huwaita, huwasikiliza, na walii akiwa hana hoja, yeye mwenyewe huwaozesha. Barua ile naijua kwa moyo, kaka. Sitaki kuipiga yenye jina lako. Tafadhali usinifikishe."

Mkubwa alikaa tena, polepole, na alipokaa alionekana mdogo kuliko umri wake.

"Na mama?" aliuliza. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki kilikuwa hofu tu. "Wewe ukiondoka nani atamtazama? Mke wangu ana watoto wadogo watano. Siku ile ya posa nilikuwa nimelala juu ya sakafu hii wiki tatu. Nilimwona yule mzee anaingia nikasema, huyu anakuja kumchukua Wanu na kuniacha na haya peke yangu. Basi likanitoka. Mwenyewe hataki. Likanitoka tu."

Hakuwahi kulisema. Wanu alimtazama kaka yake, kola yake iliyochakaa, macho yake mekundu, na alitamani kumkasirikia, ila hakupata pa kuanzia.

Kitandani, Bi Mwanakheir aliinua mkono wake mzima. Maneno yake siku hizi yalitoka kwa shida, moja moja, na wote wawili walisogea kumsikiliza.

"Pemba," alisema, "mimi... nani... kaniuliza?"

Mkubwa akababaika. "Mama, nyumba kubwa kule. Watumishi..."

"Sihami. Kikwajuni." Akapumzika. "Fundi... akae hapa. Chumba... kipo."

Mkubwa akauziba uso wake kwa viganja viwili. Mabega yake yalitikisika, na Wanu hakuweza kujua kama analia au anacheka, mpaka alipoviondoa na kuonekana ni vyote viwili.

"Chumba kipo kweli," alisema. "Kinavuja."

"Si ni fundi?" alisema Wanu.

Mkubwa akavua koti, akalikunja, akaliweka gotini.

"Mwambie alete watu Alhamisi, baada ya alasiri," alisema bila ya kumtazama. "Na amlete ami yake. Nitamwomba radhi yule mzee mbele ya kila mtu. Bwana Shamsi mimi nitamkabili mwenyewe."

Wanu alimbusu mkono, akatoka uani, akachota maji, akaosha vyombo vyote vya siku ile. Furaha aliyoitegemea haikuja. Ulikuja uchovu, wa miaka sita, wote kwa pamoja, ukamkalisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na hapo ndipo alipolia.

*

Asubuhi ya Jumanne alipita Mkunazini kabla ya kwenda kazini. Karakana ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Jaku alikuwa ameinama akiondoa komeo la chini, na aliposikia viatu vyake alibaki vile vile ameinama, hakugeuka.

"Nimekwishasema," Wanu alisema nyuma yake. "Kwa mdomo wangu. Mbele yake."

Jaku akanyanyuka. Komeo lilikuwa bado mkononi.

"Ukasema nini?"

"Kwamba nnakutaka."

Macho ya Jaku yalimtazama usoni, bila ya kukimbia, muda mrefu kuliko ilivyoruhusiwa barabarani. Mwanamke mmoja aliyebeba kapu la mboga aliwapita, akageuka, akapita tena.

"Na yeye?"

"Kasema ulete watu. Na ami yako asikose. Lakini Jaku, kuna mama. Mimi simwachi. Na chumba tutakachopewa kinavuja, na mimi alfajiri huwa sisemezeki, na usiku nasinzia nikiwa bado natafuna. Ulimjua Wanu wa miaka ishirini. Huyu si yule."

"Namwona," Jaku alisema. "Nimesimama mbele yake."

"Basi fikiri kwanza."

"Lini?"

"Ukipenda, siku mbili tatu, fikiri vizuri..."

"Nauliza watu niwalete lini."

Wanu akashusha pumzi iliyotoka mbali sana.

"Alhamisi. Baada ya alasiri."

Jaku akahesabu kwa vidole, kidole kimoja, cha pili, akavitazama kama vimemdanganya.

"Mbali," alisema.